Uzito wa Sahani Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amenipa daftari hili pamoja na amri moja: kila siku niandike namba, kuanzia sifuri hadi kumi, ya kuonyesha maumivu ya mgongo wangu. Sifuri ni kutoumwa kabisa. Kumi ni maumivu makali kuliko yote ninayoweza kuyawazia.

Nimemwambia kwamba siwezi. Nimekuwa fundi wa mizani tangu ndevu zangu hazijaota. Kilo ni kilo kwa sababu mahali fulani pana jiwe la mizani lililofungiwa kabatini, na mawe mengine yote hulinganishwa nalo. Hayo maumivu ya kumi yamefungiwa katika kabati gani?

Akacheka. Ni binti mdogo, na heshima anayo. "Mzee, andika unavyohisi tu."

"Daktari, muuza sukari akiniambia kilo ni jinsi anavyohisi, nitamfukuza dukani."

"Basi andika maneno. Ila andika kila kitu, na uniambie kila unachotumia. Vidonge siwezi kukuongezea, tumbo lako halitaki. Maumivu yako ni sugu, na maumivu sugu yanahitaji msaada wa njia nyingine pia. Kuna sindano, kuna mazoezi, kuna mambo mengi."

Nitaandika maneno, basi. Maumivu huanza kiunoni, hushuka nyuma ya paja la kushoto, na siku mbaya hufika hadi kisiginoni. Yalianza miaka mingi iliyopita. Sasa yamekuwa jambo zito kwa sababu moja. Mvua zikikatika, mkaguzi wa vipimo atakuja sokoni kuzipiga mizani muhuri, kama kila mwaka. Siku hiyo fundi wa soko hupandisha mawe ya kilo ishirini juu ya kila mizani kubwa, kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wafanyabiashara wote. Mkaguzi ameshaniambia kwamba anataka jibu langu kabla ya mwezi Mei. Kama siwezi, soko atapewa fundi wa mjini, na soko likishatolewa halirudi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Mgongo uliniambia kabla ya mawingu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimezungukwa mezani kama mtuhumiwa.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaishi nasi tangu alipofiwa na mumewe. Ni mtu wa kuingilia kila jambo. Alileta chupa ya kahawa iliyojaa unga wa kijani. "Shemeji, vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Usiulize ni nini."

"Nitakunywaje kitu nisichokijua?"

"Mbona dada alipoolewa nawe hakuuliza?"

Binti yangu alikuja kutoka kazini. Huko ofisini kwao wameletewa mwalimu wa kunyoosha viungo na kupumua, na sasa yeye ndiye mwalimu wa ukoo mzima. "Baba, unapumua kifuani. Pumua kwa tumbo."

Nikamwambia kwamba tumbo lina kazi zake.

Sajenti naye alikuwepo. Ni mwenzangu wa karakanani, hajawahi kuwa askari. Jina amelipata kwa mwendo wake. Alivua shati mbele ya wanawake ili atuonyeshe mkanda wa sumaku aliouvaa kiunoni. "Fundi, huu mkanda umenirudishia ujana."

"Ujana umerudi, akili imebaki wapi?" akauliza shemeji.

Mke wangu hakutoa hoja yoyote. Alimimina chai, birika amelishika kwa mikono miwili, akamwambia Sajenti avae shati kabla chai haijapoa. Alasiri nikajilaza kifudifudi kama kawaida, akanikanda mgongo huku tukisema habari za majirani. Hadi sasa sijui nimsikilize nani.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa mtu wa sindano, kama daktari alivyopendekeza. Chumba ni safi na kimya, na ukutani pana picha ya mtu asiye na ngozi, mwenye vitone mwili mzima. Nilimweleza kwamba naumwa mgongo. Akanichoma mguuni. Nikafikiri hakunisikia, nikarudia. Akanichoma katikati ya kidole gumba na cha shahada.

"Anayeumwa ni mgongo," nikasema.

"Najua, mzee. Mgongo nao unajua."

Nikasinzia. Niliamka nikiwa mwepesi, na nikakasirika, kwa maana sikupata maelezo yoyote ya wepesi huo.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya aibu. Mizani ndogo ya sonara ilikuwa mezani kwangu. Nikaisawazisha, mshale ukatulia katikati. Nikaketi kuandika, mshale ukahama. Nikasimama kuchukua miwani, ukarudi. Nikaketi, ukahama. Nikaifungua yote, nikaisafisha, nikaifunga. Ikafanya vilevile. Nilijiuliza kama ni macho au ni uzee wenyewe umefika.

Alipoingia Sajenti ndipo nilipokumbuka kwamba tangu jana nilikuwa nimevaa mkanda wake. Kila nilipoinama, sumaku ziliuvuta mkono wa chuma wa mizani.

"Sasa mgongo je?" akauliza.

"Mgongo ni afadhali."

"Basi tatizo ni la mizani."

Nimemrudishia mkanda wake. Katika karakana ya mizani sumaku haiingii tena.

Jumapili, 16 Machi

Afadhali ni ya kweli. Nimekwenda hadi msikitini na kurudi bila kuegemea ukuta. Lakini nimechomwa sindano, nimekunywa unga, nimepumua kwa tumbo na nimevaa sumaku. Kila mtu anadai sifa ni zake. Shemeji na binti yangu hawajasemezana tangu mchana.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamua kuweka utaratibu. Ukiweka vitu vinne juu ya mizani kwa pamoja, huwezi kujua kipi kina uzito gani. Kwa hiyo kila tiba itapewa wiki yake. Ya kwanza ni sindano, ya pili unga, ya tatu mazoezi ya binti yangu. Wiki ya nne nitakaa bila chochote, ili nipate mahali pa kulinganishia. Vidonge vya daktari vitabaki palepale wiki zote, na nimevihesabu hivyo. Nimeandika masharti kwenye kadibodi, nikayabandika mlangoni mwa jiko.

Mke wangu aliyasoma akiwa na sufuria mkononi. "Na mimi niko wiki ya ngapi?"

"Wewe una tiba gani?"

"Sina," akasema, akaenda kupika.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Sindano. Si vibaya.

Alhamisi, 27 Machi

Wiki ya unga. Mgongo umetulia. Leo asubuhi nilipoinuka kitini karakana ikazunguka, nikajikuta nimekumbatia mizani ya magunia kama ndugu aliyetoka safari. Sajenti akanipeleka zahanati.

Daktari alipima presha mara mbili. "Mzee, umekunywa nini?"

"Vidonge vyako."

"Na nini tena?"

Nikamweleza habari za unga. Hakupiga kelele, na hilo lilinisumbua zaidi. Alisema kwamba si kila kitokacho mmeani ni cha kuchezea. Kwamba unga huo huenda unashusha presha, na mimi tayari nina kidonge cha presha, na viwili hivyo kwa pamoja vingeniangusha barabarani. "Sijakukataza kujaribu. Nilikuomba uniambie."

Nyumbani nilimgombeza shemeji kwa maneno ambayo sitayaandika. Hakujibu hata neno moja, yeye ambaye hujibu hata redio. Alichukua chupa, akaumwaga unga kwenye mtaro wa mvua, akasimama pale akiutazama unavyokwenda.

Alasiri mke wangu alinikanda bila mazungumzo.

Jumatano, 2 Aprili

Wiki ya binti yangu. Kila jioni nalazwa sakafuni kwenye mkeka wa mpira. Napandisha goti, nashusha goti, napumua kwa tumbo kama chura. Nimemuuliza mambo haya yanauhusu vipi mgongo. Akasema kwamba mwili ulioumwa muda mrefu huwa na woga. Hujikaza hata pasipo na hatari, na kujikaza kwenyewe huuma.

"Kwa hiyo maumivu yangu ni woga?"

"Sikusema hivyo, baba. Maumivu ni ya kweli, na woga nao ni wa kweli. Halafu gawa kazi. Usibebe kitu kizima kwa mkupuo mmoja. Beba kidogo, pumzika, beba tena."

"Jiwe la kilo ishirini haligawiki."

"Si jiwe tu."

"Kwangu ni jiwe tu."

Akanyanyua macho juu kama mama yake.

Jumapili, 6 Aprili

Mgongo uko sawa na wiki ya sindano, na sawa na wiki ya unga kabla ya kizunguzungu. Sielewi. Vitu vitatu tofauti, mshale mahali pale pale.

Jumapili, 13 Aprili

Wiki ya kukaa bila chochote imekwisha. Sikuchomwa, sikunywa, sikunyoosha. Nilitazamia kuteseka. Mgongo ulikuwa vilevile. Jumatano na Alhamisi ulikuwa mzuri zaidi kuliko wiki zote.

Nimewatangazia wakati wa chai. Nimesema kwamba nimepima kwa haki, bila kupendelea mtu, na nimeona kwamba tiba zote hizo hazina uzito wowote. Wiki tatu za tiba na wiki moja ya bila tiba zimelingana. Kuanzia leo nitameza vidonge na kufanya kazi zangu.

Sajenti alisema, "Sumaku hukuipa wiki." Binti yangu alikunja mkeka wake. Shemeji alifungua mdomo, akamtazama dada yake. Mke wangu akatikisa kichwa, na shemeji akafunga mdomo. Nilidhani wamekubali matokeo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia mkaguzi kwa simu kwamba nitakuwepo, na mawe nitayabeba mwenyewe. Alasiri sikukandwa, mke wangu anaumwa kichwa.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua usiku kucha. Mke wangu ana nguo za kufua. Jana alikuwa na mgeni.

Alhamisi, 17 Aprili

Mgongo umeamka vibaya.

Ijumaa, 18 Aprili

Vibaya. Hadi kisiginoni. Nimekula nikiwa nimesimama.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandika nikiwa nimelala ubavu, hati ni mbaya.

Asubuhi nilikwenda karakanani nikiwa na nia ya kujipima. Nilijiambia kwamba mtu aliyemwahidi mkaguzi lazima ajue anachoahidi. Nikaliweka jiwe la kilo ishirini sakafuni, mbele ya mizani ya jukwaa. Sajenti alikuwa akipaka grisi.

"Fundi, liache hilo."

"Nimelibeba kabla hujaijua mizani."

"Na mimi zamani nilikuwa nakimbia. Liache."

Niliinama, nikashika mpini, nikanyanyua. Lilifika kwenye goti. Hapo kitu kilipita kutoka kiunoni hadi unyayoni, na mkono ukaliachia jiwe bila kuniuliza. Lilianguka kando ya mguu wangu, likavunja kona ya kigae. Nami nikashuka taratibu, nikapiga magoti, kichwa nimekilaza juu ya bamba la mizani. Kutoka pale niliona mkono wa mizani ukipanda na kutulia. Ilikuwa inanipima kichwa. Sikuweza kuinuka, nami niliusoma uzito wa kichwa changu, kwa kuwa ndio uliokuwa mbele ya macho.

Sajenti hakufanya mzaha hata kidogo. Alikaa chini kando yangu, sakafuni penye grisi, akasema, "Tukae kwanza." Tukakaa. Mteja akaja na mizani ya nyama, akatukuta, akauliza kama tunasali. Sajenti akamwambia arudi Jumatatu.

Kinachonisumbua ni hiki: sikubadilisha kitu. Wiki iliyopita sikuwa natumia chochote na nilikuwa mzima. Wiki hii situmii chochote na nimepiga magoti. Vidonge ni vilevile. Mvua ni ileile. Kitanda, kiti, chai, vyote ni vilevile. Mizani isipobadilishiwa mzigo haibadilishi jibu, labda iwe mbovu. Ama mimi ni mbovu kiasi kwamba sipimiki, ama kuna kitu kimeondolewa na sikukiona.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimekijua.

Mchana nilikuwa kitandani, na mke wangu alikuwa amekwenda sokoni. Shemeji aliniletea supu. Kwa sababu ya maumivu na ya uchungu wa moyo, nilimuuliza kama amenitilia tena unga wake.

Aliiweka supu mezani polepole. "Shemeji, nimenyamaza tangu siku ile. Leo sinyamazi. Ule unga nilikosea, nimekubali. Lakini wewe ni fundi wa namna gani?"

"Una maana gani?"

"Kila alasiri, miaka yote hii, ulikuwa unalala hapo kifudifudi. Ulikuwa unakandwa na nani? Na jini?"

Nikasema kwamba nilikuwa nakandwa na mke wangu.

"Wiki ya sindano ulikandwa?"

"Ndiyo."

"Wiki ya unga? Wiki ya mkeka? Na hiyo wiki yako ya bila chochote?"

"Kila alasiri," nikasema.

"Kidonge ulikihesabu. Dada hukumhesabu."

Nimefundisha vijana wengi kazi hii, na somo la kwanza ni hilo hilo: kabla hujapima chochote, pima sahani ikiwa tupu. Asiyetoa uzito wa sahani huuza sahani kwa bei ya nyama. Mimi niliweka wiki nne juu ya mikono ya mke wangu, nikaziona zimelingana, nikatangaza kwamba hakuna kitu.

Nikamuuliza kwa nini ameacha; kama nilimuudhi kwa tangazo langu.

"Natamani ingekuwa hivyo. Mtazame mikono akirudi. Mtazame tu, usimuulize, maana atakudanganya."

Jumanne, 22 Aprili

Nimemtazama. Kifuniko cha chupa anakifungua kwa kukibana kwapani. Nguo hazikamui, anaziangika zikidondoka maji. Birika analishika kwa mikono miwili, jambo ambalo nimeliona tangu mvua zilipoanza na nikadhani ni adabu. Kidole gumba cha kulia hakikunji. Chini yake, kwenye kifundo, pamevimba.

Nilimuuliza. Akasema ni uchovu.

"Tangu lini?"

"Sio sana."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Kilikuwa kinauma kidogo, nikawa natumia kiwiko. Sasa na kiwiko kimechoka." Kisha akasema, kama mtu anayeomba radhi, "Nilitaka nifike hadi muhuri. Baada ya hapo ningepumzika."

Mwenye maumivu katika nyumba hii nilikuwa mimi; hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Watu wamekaa mezani kunijadili, nimebandika masharti mlangoni, na yeye amesimama na sufuria akaniuliza yuko wiki ya ngapi.

Alhamisi, 24 Aprili

Tulikwenda kwa daktari sote wawili. Nilimweleza yote. Daktari alipekua kadi yangu.

"Mzee, nilikuomba uniambie kila unachotumia. Hapa kuna sindano, unga, sumaku, hata kupumua kwa tumbo. Kukandwa kila siku hakupo."

"Daktari, ile si tiba. Ni mke wangu."

Mke wangu alicheka hadi akashika ubavu. Daktari alijitahidi, akashindwa.

Kidole ameshakichunguza. Kano zimevimba kwa kutumiwa mno. Amemfunga kifaa cha kukishikilia na kumkataza kukanda, kukamua na kubeba kwa wiki kadhaa. Ikishindikana atampeleka kwa bingwa. Nikamuuliza swali langu: je, sasa ni hakika kwamba ni kukandwa ndiko kulikonisaidia, na mengine hayana kitu?

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Huenda ni kukandwa. Huenda ni ile saa moja ya kujilaza. Huenda ni kuzungumza habari za majirani. Na mengine huenda yana kidogo kidogo kila moja, wewe ukatafuta kimoja chenye kilo ishirini."

Nimekwenda kutafuta jibu nimerudi na maswali manne. Amenielekeza kwa mtaalamu wa viungo, ambaye amenipa mpira wa tenisi. Nauweka kati ya mgongo na ukuta, kisha nateleza juu yake, huku na huku. Shemeji anasema nafanana na ng'ombe anayejikuna.

Jumapili, 27 Aprili

Mpira, mkeka, kupumua. Afadhali kidogo, si kubwa. Nimetembea na mke wangu hadi kona na kurudi. Daktari ameagiza kutembea. Hatukuzoea kutembea pamoja bila kuwa tunakwenda mahali. Tulifika konani, tukatazamana, tukageuka.

Jumatano, 30 Aprili

Leo ndiyo mwisho wa kumpa mkaguzi jibu. Jibu nilishampa, tena la kujigamba. Nimekwenda ofisini kwake kulitengua.

Nilikuwa na maneno mawili kichwani. La kwanza: siwezi, mpe fundi wa mjini. La pili ni la binti yangu, na nilikuwa nimelikataa. Nilikaa kwenye benchi la ofisi hiyo nikiwa sijui nitasema lipi. Sikutaka kabisa kuonekana na wafanyabiashara nikibeba vijijiwe. Fundi wa soko hubeba ishirini; ndivyo nilivyomwona aliyenifundisha akibeba, hadi siku aliyobebwa yeye.

Mkaguzi alinipokea vizuri. Nikamwambia, "Mawe ya ishirini siwezi tena kuyanyanyua. Nayo mawe ya tano yaliyopigwa muhuri ninayo ya kutosha. Nikipandisha manne badala ya moja, utakubali?"

Alinitazama kama niliyemuuliza jina lake. "Manne ya tano ni ishirini."

"Najua ni ishirini."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Hakuna," nikasema.

"Ulikuwa unaumia miaka yote hiyo kwa sababu gani?"

Nikamshukuru, nikaondoka.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua ndogo. Mgongo hivi hivi. Nimemwomba radhi shemeji. Akasema, "Imeandikwa wapi?" Nikamwambia nitaiandika. Nimeiandika.

Jumanne, 13 Mei

Jua siku nzima. Siku mbaya hata hivyo, bila sababu yoyote. Nimeacha kuitafuta saa sita mchana.

Jumatatu, 19 Mei

Siku ya muhuri.

Nilifika na mawe ya tano kwenye toroli, Sajenti akisukuma kwa mwendo wake. Wafanyabiashara walikuwa wameshajipanga na mizani zao. Muuza viazi, ambaye mdomo wake hauna likizo, alipoona nimepandisha jiwe la kwanza, akasema, "Fundi, leo unabeba kama unanunua nyanya."

"Na wewe leo utapimwa kama unauza nyanya," akajibu Sajenti. Watu wakacheka, na mimi uso ukaniwaka.

Nikapandisha la pili. Nikasimama, nikapumua kwa tumbo, mbele ya watu wazima wenye akili zao. La tatu. La nne. Mkono wa mizani ukapanda, ukayumba, ukatulia mahali pake. Mkaguzi akainama, akasoma, akapiga muhuri. Muuza viazi akasogeza mizani yake.

Tulimaliza mizani ya mwisho jua likiwa bado juu. Kila baada ya mizani tatu nilijinyoosha kwenye nguzo ya soko, mpira mgongoni. Kufikia hapo waliocheka walikuwa wamechoka kucheka. Mgongo unauma. Haunizuii kuandika. Kama ni kwa sababu ya mpira, au mkeka, au mawe madogo, au jua, siwezi kusema, na nikisema nitakuwa nadanganya.

Soko nimebaki nalo mwaka huu.

Jumanne, 20 Mei

Mtaalamu wa viungo amemtoa mke wangu kile kifaa cha kidole, akasema kidole kianze kukandwa pole pole kila siku katika maji ya uvuguvugu, na mtu mwingine. Alasiri, saa ile ile ya kawaida, nilileta beseni mezani. Nikakunja mikono ya shati.

"Unajua kukanda?" akauliza.

"Nimekandwa miaka mingi."

"Kukaa kwenye mizani si kuijua mizani."

Nikaanza. Nilikwenda kwa uangalifu, kama mtu anayegusa mkono wa mizani ya sonara. Yeye alitazama dirishani. Shemeji alipita na nguo, akasimama, akataka kusema kitu, akaenda zake.

"Hapo?"

"Huko siko. Chini kidogo. Chini. Umepita."

"Leo maumivu ni ngapi?" nikamuuliza. "Kuanzia sifuri hadi kumi."

"Kumi ni ipi?"

"Hakuna anayejua."

Alifikiri. "Asubuhi yalikuwa manne. Ulivyoanza yakawa sita."

Nimeandika sita. Hiyo ndiyo namba ya kwanza ya maumivu katika daftari hili, nami nimeipokea bila jiwe la kulinganishia. Nikamuuliza kama niache.

"Nani amekwambia uache," akasema. "Endelea. Nieleze habari za majirani."